Filamu ya Bure na Sauti za Marehemu wa Drenichevo

Zdravka Cholakova alisoma maneno yale mara tatu akiwa wima. Yalikuwa mekundu juu ya kioo cheusi cha kompyuta, kwa Kibulgaria cha ovyo, kile kinachotafsiriwa na mashine: “Mheshimiwa bwana mtumiaji! Mafaili yako yote tumeyafunga kwa kufuli. Usilie. Lipa.” Chini yake palikuwa na saa iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma. Zilibaki saa sabini na moja na dakika hamsini na nane.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Alihesabu kwa vidole, kama mtoto. Siku ya tatu ingeangukia Jumamosi, saa nne asubuhi. Jumamosi ya Wafu, siku ya kuwakumbuka marehemu. Saa hiyohiyo watu wangekuwa wakishuka kutoka makaburini, na wangekuja moja kwa moja kwake.

Nyumba ya kusomea ya kijiji cha Drenichevo ina maktaba, ukumbi wa viti themanini na ofisi ndogo yenye jiko la kuni. Zdravka ndiye katibu wake, mkutubi, mfagiaji na mwasha moto. Alikuja kijijini hapa akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na mmoja. Alishona vifungo vya sweta kiwandani kwa miaka kumi na minne, kiwanda kikafa, ndipo akakabidhiwa ufunguo wa nyumba hii kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri. Sasa ana miaka hamsini na minane. Mumewe anaendesha trekta kwenye mashamba ya Uhispania na hurudi Krismasi, mwezi mmoja, akiwa amechoka na mpole.

Jambo moja tu alilifanya maishani bila kuagizwa na mtu. Majira ya baridi ya mwaka 2004 aliazima kinasa sauti, akapita jiko kwa jiko akiwarekodi wanawake wazee: nyimbo za mavuno, za kumvisha bibi harusi shela, za kumlilia maiti. Walikuwa wanawake ishirini na watatu. Baadaye alizihamishia sauti zote kwenye diski, kila mmoja na faili lake na jina lake. Kufikia Februari hii ya 2019, ishirini na wawili kati yao walikuwa chini ya udongo. Aliyebaki ni bibi Fidana, mwenye miaka themanini na saba, anayetembea kwa fimbo mbili na mdomo mmoja unaotosha watu watatu.

Desturi ya Jumamosi ilianzishwa na Rangel, seremala na fundi wa kila kitu kijijini. Miaka sita iliyopita, siku ya wafu ya kwanza baada ya kumzika mama yake, alikuja akiwa na matope hadi magotini, akagonga mlango, akasema, “Dada Zdravka, niwekee mama kidogo.” Akawekewa. Bibi Tsona, mama yake, akaimba wimbo wa mavuno, akasahau ubeti, akatukana, akaanza upya. Rangel akacheka hadi akafunika uso kwa kofia. Mwaka uliofuata zilikuja familia nne. Siku hizi wanakuja wote: wanawasha mishumaa makaburini, wanamwaga divai juu ya kaburi, wanagawiana ngano iliyochemshwa kwa sukari, kisha wanashuka kwenda kusikiliza. Hakuna aliyewahi kuomba nakala apeleke nyumbani. Ya nini, na Zdravka yupo?

Na filamu nazo zilikuwa kazi yake. Kila Jumatano, saa kumi na moja jioni, ukumbini. Sinema iliyo karibu iko kilomita tisini, na basi la kurudi halipo. Kwa hiyo alipakua kutoka mtandaoni, bure, kama wanavyopakua watu wote anaowajua, mwalimu mkuu akiwemo, padri akiwemo. Hapa hakuna anayeuliza filamu imetoka wapi, kama ambavyo hakuna anayeuliza pombe ya rakia imepikwa kwenye chungu cha nani. Jambo la lazima ni maandishi ya Kibulgaria chini ya picha. Wazee macho yao hayawahi kuyafuata, kwa hiyo Zdravka husimama kando ya projekta na kuyasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, jambazi na mpenzi na polisi wote kwa koo moja. Filamu isiyo na maandishi si filamu ya Drenichevo.

Tatizo lilianzia kwenye ubora. Mwezi wa Novemba alileta filamu mpya ya mjane wa Sisilia anayezika waume watatu, na ilikuwa imeibwa kwa kamera ya mkononi ndani ya sinema ya nchi nyingine. Picha ilikaa upande. Watu wasioonekana walicheka mahali pasipochekesha. Kila baada ya dakika chache kichwa cha mtu kilinyanyuka na kupita mbele ya mjane.

“Huyo anakwenda chooni tena?” alisema bibi Fidana kwa sauti. “Mtu ampeleke kwa daktari wa kibofu!”

Ukumbi ukaangua kicheko.

“Zdravka, mwanangu, hii ni filamu au ni ukungu? Mimi nina mtoto wa jicho, lakini huyu mjane naona ana pua mbili.”

Zdravka alicheka nao, ila ilimchoma. Kuanzia hapo alipakua zile safi, zinazoonyesha hata vinyweleo vya mkono, na kila moja ilikuwa nzito mara nane ya zile za zamani. Diski ikajaa. Alikuwa na diski ya pili kabatini, yenye nakala ya sauti zote. Kabla ya Krismasi aliifuta ili apate nafasi ya filamu. Alijiambia ni kwa wiki moja tu, mpaka anunue nyingine.

Halafu ikatoka sehemu ya pili ya mjane. Picha ilikuwa safi kama maji ya kisima, ila maandishi ya Kibulgaria hayakuwepo. Wiki mbili alitafuta. Jumanne alasiri aliyapata kwenye tovuti asiyoifahamu: kifurushi kidogo chenye jina sahihi la filamu na bendera sahihi pembeni. Programu ya kukinga virusi ikabweka. Ndani ya kifurushi palikuwa na maelekezo: zima kinga kabla ya kufungua. Akaizima bila kufikiri mara mbili. Miaka kumi na mmoja amekuwa akiizima, kwani hubwekea kila kitu cha bure, kama mbwa wa jirani anavyombwekea mleta barua. Akabonyeza. Hakikutokea kitu. Alimlaani aliyetengeneza, akaenda nyumbani kulisha kuku, na kompyuta akaiacha inawaka ili imalizie kupakua filamu nyingine. Diski ya sauti ilikuwa imechomekwa. Ndimo zilimokaa filamu pia.

Sasa alikishika kipanya. Alifungua diski. Majina yote yalikuwepo, lakini kila moja lilikuwa limeota mkia wa herufi zisizosomeka. Alibonyeza Tsona. Kimya. Alibonyeza Stamena, Gyurga, Kera. Kimya, na kisanduku kidogo kikisema faili halitambuliki. Alichomoa waya zote ukutani, hata ya taa, akakaa gizani mchana kweupe.

Mlangoni alibandika karatasi: “Leo hakuna filamu. Projekta ni mbovu.” Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Alhamisi alipanda basi la asubuhi kwenda mjini, diski akiwa ameifunga ndani ya soksi mbili za sufu na kuipakata mapajani. Kila basi liliporuka shimo alifumba macho. Ognyan, fundi simu mstaafu anayetengeneza kompyuta kwenye chumba kilichokuwa duka la viatu, aliisikiliza habari yote bila kumwangalia, kisha akaichomeka diski kwenye mashine ya kizee iliyokaa peke yake pembeni.

“Ulifungua nini hasa?”

“Maandishi ya filamu.”

“Maandishi ni maandishi, dada. Unaweza kuyasoma kwa programu yoyote ya kuandikia. Hayahitaji uzime kinga. Ile ilikuwa programu iliyovaa koti la maandishi.” Alivua miwani. “Kinga ilikuambia?”

“Ilibweka.”

“Ukafanya nini?”

“Kile tunachofanya wote.”

Ognyan alicheka kidogo, bila furaha. “Hata mimi. Basi nisikuseme.”

“Nikilipa je?”

“Wanataka ngapi?”

“Leva elfu moja na mia saba. Kwa hizo sarafu za mtandaoni.”

“Ni mishahara yako mingapi?”

“Usiniulize, bwana Ognyan. Nitauza mashine ya kufumia. Nitauza kuku.”

“Kuku!” Aliivaa miwani tena. “Sikiliza. Muuza matairi, mtaa wa pili hapo, alilipa. Walishukuru, wakamwomba tena. Alipolipa mara ya pili hawakuandika tena. Sikusaidii kununua hizo sarafu. Unichukie ukitaka.”

“Kwa hiyo sauti zimekufa.”

“Sikusema zimekufa. Nimesema zimefungwa, na ufunguo sina. Kuna wakati wezi wa namna hii hukamatwa, funguo zao zikatolewa bure. Baada ya mwaka, baada ya miaka mitano. Au hazitolewi kabisa. Diski usiitupe, usihifadhi kitu humo, usiiangushe, usiiweke penye joto. Iweke tu.”

“Nikaripoti polisi?”

“Karipoti.”

“Wataniuliza nilikuwa natafuta nini.”

“Wataniuliza mimi pia, wakija,” alisema Ognyan, akaangalia rafu yake ya filamu, ambazo hata moja haikununuliwa dukani.

Alimsindikiza hadi mlangoni. Pale akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa dawa isiyoandikwa na daktari: “Hao watu wako, waambie ni umeme. Umeme umekatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza. Umeme hauna mama wa kuutetea.”

Maneno hayo Zdravka alirudi nayo kwenye basi. Yalimpa pumzi ya kwanza tangu jana.

Ijumaa alikwenda kununua sukari ya ngano, kwa vile naye ana wafu wake: mama mkwe, na kaka wa mumewe. Dukani alimkuta bibi Fidana ameketi juu ya kreti karibu na jiko, akipima wateja kwa macho.

“Projekta imepona?”

“Bado, bibi.”

“Na wewe? Mbona umekuwa kama jibini iliyosahaulika? Mumeo ameandika kwamba haji?”

“Nimelala vibaya.”

“Lala kesho mchana. Asubuhi nakuja kuwasikiliza wenzangu.” Bibi Fidana aligonga sakafu kwa fimbo moja. “Katika wote wale ishirini na watatu, mimi peke yangu ninaingia kwa miguu yangu. Natamani kumsikia Tsona anavyotukana. Mwaka mzima nimekaa na watu wastaarabu, nimechoka.”

Muuza duka alicheka. Zdravka naye alilazimisha meno yake yaonekane. Alifika nyumbani ndipo akagundua kwamba sukari ameiacha dukani.

Jumamosi ilinyesha theluji yenye maji. Hakwenda makaburini. Aliwasha jiko la ofisi, akapanga viti kumi na viwili, akaiweka diski mezani, kisha akakaa akiitazama saa ya ukutani. Kompyuta ilikuwa imezimwa tangu Jumatano, lakini alijua kwamba mahali fulani ile hesabu ingali inaendelea. Saa nne kamili ilifika. Hakuna kilicholia. Muda mfupi baadaye alisikia viatu vikikung’utwa matope nje, na sauti za watu wanaozungumza taratibu kama wanavyozungumza watu watokao kwa wafu wao.

Waliingia wakinuka nta na divai. Mtu alimkabidhi kikombe cha ngano na kijiko cha plastiki. “Mungu awarehemu,” akasema Zdravka, nao wakaitikia. Bibi Fidana alisaidiwa kukaa mbele kabisa. Rangel alibaki amesimama nyuma karibu na mlango, kofia mkononi, kama kila mwaka.

“Haya, mwanangu,” alisema bibi Fidana. “Anza na Tsona, utuamshe.”

Zdravka alikuwa amelifanyia jibu lake mazoezi neno kwa neno. Likatoka zima, kwa ile sauti yake ya kusomea filamu.

“Hawatasikika leo. Jumanne umeme ulikatika. Uliporudi, ulikuja kwa nguvu. Umeunguza diski.”

Kisha mwanamke mmoja akasema “Ole wetu,” na mwingine akaanza kulia polepole. Hakuna aliyemtazama Zdravka kwa ubaya. Ognyan alikuwa amesema kweli.

Ndipo alipomwona Rangel. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

“Waya ni zangu,” alisema Rangel.

“Zipi, kaka Rangel?”

“Za hapa. Oktoba. Nilizitandaza mimi.”

Zdravka alikuwa amesahau kabisa. Rangel alikuwa amebadilisha waya za jengo zima kwa siku tatu, bila malipo, kwa supu tu. Sasa alitembea hadi kwenye kisanduku cha swichi ukutani, akakifungua kwa ncha ya kisu, akasimama anatazama ndani.

“Palitakiwa waya nene zaidi,” alisema, akiongea na ukuta. “Nikaweka niliyokuwa nayo. Nikasema inatosha. Inatosha kwa taa, inatosha kwa projekta. Sikufikiria... Mama. Mama nimemuunguza mwenyewe.”

“Rangel, we mwana, acha upuuzi,” alisema bibi Fidana, lakini taratibu.

Zdravka aliona jinsi jambo lile litakavyokuwa. Uongo ulikuwa umepata mahali pa kukaa. Angenyamaza tu, Rangel angeubeba kimyakimya hadi kufa kwake, na hakuna hata mmoja ambaye angeuliza tena. Hofu iliyokuwa imemkaba siku tatu ingemwachia leo hii. Aliona pia kwamba alikuwa bado anafikiria kunyamaza, na ni hilo lililomtisha kuliko herufi nyekundu.

“Funga kisanduku,” alisema. “Si waya.”

Rangel hakugeuka.

“Kaka Rangel. Si waya. Hakuna umeme uliokatika. Ni mimi. Nilikuwa natafuta maandishi ya filamu ya mjane, ya bure, nikaingiza kirusi. Kimefunga kila kitu. Nakala ilikuwepo, nikaifuta kabla ya Krismasi ili nipate nafasi ya filamu.”

Mvuke wa koti zilizolowa ulikuwa ukipanda juu ya jiko. Bibi Fidana ndiye aliyeuliza.

“Kwa ajili ya filamu?”

“Kwa ajili ya filamu, bibi.”

“Mimi ndiye niliyepiga kelele za ukungu.”

“Ulichekesha watu tu. Kufuta nilifuta mimi.”

Rangel alikifunga kisanduku, akakunja kisu, akaja mbele. Damu ilikuwa imerudi usoni, nyingi kupita kiasi. “Nimesimama pale,” alisema, “najiona muuaji, na wewe unanitazama. Ungeniacha hivyo?”

Zdravka alitaka kusema hapana.

“Nilikuwa najaribu kunyamaza,” alisema.

Mwanamke aliyekuwa akilia alinyanyuka na kutoka nje bila kuaga. Wawili wakamfuata. Mwanamume mmoja alisema kwamba mambo haya yapelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwamba ufunguo wa nyumba si wa ukoo wa mtu. Zdravka aliitikia kwa kichwa. Alieleza yote aliyoambiwa mjini: kwamba sauti zimo, ila hazifunguki, kwamba huenda siku moja zikafunguka, au zisifunguke, kwamba diski isiguswe.

“Zimo?” aliuliza Rangel. “Humo ndani? Sasa hivi?”

“Zimo.”

“Zote?”

“Zote.”

Aliitazama diski pale mezani, kitu cheusi kisichozidi ukubwa wa kitabu cha sala. “Basi haibaki hapa.”

Hakuna aliyepinga. Bibi Fidana alifungua fundo chini ya kidevu, akavua kitambaa chake cheusi cha kichwani, akabaki na nywele nyeupe chache ambazo Zdravka hakuwahi kuziona maishani mwake. Akakinyoosha mbele.

“Mfunge mama yako kwa hiki. Nje kunanyesha. Na mimi pia nimo, usinilowanishe.”

Rangel aliifunga diski kwa uangalifu, akaitia kifuani ndani ya koti, akaondoka. Zdravka alibaki ameshika kikombe cha ngano ambacho hakukionja. Halafu akakumbuka jambo, akatoka mbio bila koti, akiteleza kwenye ngazi.

“Kaka Rangel! Si karibu na jiko! Na usiiweke juu ya kabati, ikianguka—”

Rangel alisimama katikati ya barabara, theluji ikimwangukia kofiani, mkono mmoja ukiwa juu ya kifua.

“Mama nilimbeba kutoka nyumba ile mpaka kule juu makaburini,” alisema. “Mimi na watu watatu, na barafu chini. Hatukumwangusha.”

Akaendelea kutembea, taratibu, akichagua pa kukanyaga. Zdravka alisimama akimwangalia hadi alipokata kona, akiogopa kila hatua.